Mwanamke Aliyeomba Kufukuzwa Nchini

Kazini kwetu watu huja kuomba wasifukuzwe.

Wanalia, wanapiga magoti, wengine wanazimia hapo hapo kaunta halafu wanafungua jicho moja kuangalia kama umeona.

Karibu miaka ishirini nimekaa idara ya uhamiaji. Nimeyaona yote hayo mpaka nikaota sugu.

Ila sijawahi kuona mtu amepanga foleni tangu saa moja asubuhi, amevaa nguo yake ya kutokea, begi mkononi, anaomba afukuzwe.

Na sisi tunamkatalia.

Haya, vuta kiti. Mkasa huu nimeubeba kifuani mwaka mzima na kifua kimechoka. Majina nayaacha, na ukifika mwisho utaelewa kwa nini.

Mimi ni karani wa masjala, yaani chumba cha mafaili. Mwaka jana tuliagizwa kuyahamishia mafaili yote ya wahamiaji kwenye kompyuta.

Mafaili elfu arobaini. Makarani watatu. Skana moja, na hiyo skana ilikuwa na tabia ya kutafuna karatasi.

Siku hiyo mtu wa kaunta alikuwa mgonjwa, nikasukumwa mimi nikakae.

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa mama wa miaka sitini na kitu. Mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi, na shingoni ananing'iniza futi ya kupimia nguo. Alikuwa fundi cherehani. Nadhani alisahau kuivua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja mnifukuze."

Nikadhani masikio yananidanganya.

"Tukufukuze wapi?"

"Nchini. Mimi si wa hapa. Niliingia kwa njia ya porini, miaka ishirini na moja sasa. Sina kibali, sina kitambulisho, sina karatasi hata ya kufungia vitumbua. Hayo si makosa?"

"Ni makosa."

"Basi nifukuzeni."

Alisema kama mtu anayeagiza soda.

Nikamuuliza kwa nini asiondoke tu mwenyewe, kama alivyokuja. Akanitazama juu ya miwani.

"Kwa magoti haya? Porini siku hizi kuna uzio, na basi halikupakii bila hati. Dada yangu anaumwa moyo huko kwetu. Nimesikia serikali ikikufukuza inakupa gari, askari wa kukusindikiza na maji ya kunywa. Ndiyo nataka hiyo."

Kusema kweli, hoja yake sikuona pa kuipinga.

Nikamuuliza jina, kijiji, mwaka wa kuzaliwa, jina la dada yake. Nikaingiza kwenye mfumo. Kompyuta ikafikiri, ikafikiri, ikatoa jibu.

AMEREJESHWA KWAO. FAILI LIMEFUNGWA.

Nikasoma mara mbili.

"Mama, wewe ulishafukuzwa."

"Lini?"

"Miaka kumi na tisa iliyopita. Jumanne."

Akafikiri kidogo.

"Nilifika salama?"

"Inaonyesha ulifika salama. Dada yako alikupokea mpakani na akasaini."

"Alhamdulillahi," akasema, kisha akalishusha begi sakafuni, maana ndiyo kwanza lilimwingia.

Nikaenda kwa bosi. Bosi wetu ni mtu mfupi, mpole, amebakiza miaka miwili astaafu na anaiendea kwa tahadhari, kama mtu aliyebeba karai la maji kichwani.

Akasikiliza. Akakoroga chai.

"Mtu aliyeondoka hawezi kuondoka tena," akasema. "Labda kwanza arudi."

"Bosi, yupo hapo kaunta."

"Kwa mujibu wa nani?"

Macho yangu si kumbukumbu rasmi.

"Kulifungua faili lililofungwa kunahitaji tume kutoka makao makuu," akaendelea. "Tume ya mwisho ilichukua miaka sita. Huyo mama ana umri gani?"

"Sitini na mbili."

Akanywa chai yake. Mazungumzo yakaishia hapo.

Nikamwambia yule mama arudi nyumbani. Kesho yake saa moja asubuhi yupo, na begi lake. Kesho kutwa yupo. Wenzangu wakaanza kumwita Mama Cherehani na kumchekea. Mmoja alimletea suruali apunguze, akaipunguza pale pale kwenye benchi, kwa mkono.

Siku ya tatu roho ikanisuta. Nikashuka masjala kulitafuta faili lenyewe, la karatasi.

Nililikuta rafu ya chini kabisa, limejaa vumbi. Nikalifungua nikiwa nimesimama.

Ukurasa wa kwanza kulikuwa na picha aliyopigwa siku aliyokamatwa kwenye msako, akaandikwa, akaachiwa kwa masharti ya kuripoti. Mama Cherehani mwenyewe, akiwa na umri wa makamo. Meno ya mbele yana mwanya, kidevu kimechongoka.

Ukurasa wa mwisho kulikuwa na picha ya siku aliyopakiwa kwenye basi kurejeshwa.

Mwanamke mwingine kabisa.

Yaani si kufananafanana. Huyu ni mnene, uso wa mviringo, mdogo kwa miaka kama kumi hivi. Mkono wake wa kulia umefungwa kitambaa.

Chini ya picha kulikuwa na mstari: *Nimelinganisha picha zote mbili. Ni mtu mmoja.* Halafu saini.

Niliitazama ile saini muda mrefu.

Ilikuwa yangu.

Nikakaa juu ya rundo la mafaili.

Nikaikumbuka siku yenyewe. Mwezi wangu wa kwanza kazini. Mabasi yamejipanga nje kwenye jua kali, mkuu wa msafara anapiga honi na kufoka, "Saini, saini, mnatuchelewesha!" Mimi na karani mwenzangu tulikuwa tunasaini huku tunabishana habari za mpira.

Sikulinganisha picha hata moja.

Maana yake nini? Maana yake mimi, kwa kalamu yangu, nilimtoa mtu nchini kwa jina lisilo lake. Tena huenda alikuwa mwananchi kabisa. Huenda alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Huenda aliacha watoto jikoni.

Jioni ile mke wangu alinitazama mezani.

"Mbona unakula kama unamlisha mtu mwingine?"

Nikamweleza. Hakunilaumu. Aliuliza swali moja tu: "Huyo wa pili yuko wapi sasa?"

Asubuhi nikamfuata Mama Cherehani pale kwenye benchi, nikamwonyesha ile picha ya pili.

Hakushtuka. Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, akaivaa tena.

"Alikuwa mteja," akasema.

Kumbe siku ile askari walimfuata dukani kwake. Yeye alikuwa ametoka kununua vifungo. Aliporudi, akakuta kitambaa bado kiko chini ya sindano na jirani anatetemeka. Jirani akamwambia, wamekuja wameita jina lako, wameondoka na yule dada aliyekuwa anasubiri nguo.

"Nikasema kesho watagundua si yeye, watamwachia," Mama Cherehani akaniambia. "Kesho ilipofika nikasema kesho kutwa."

"Mbona hukuja kutuambia?"

"Nije niwaambie nini, mwanangu? Kwamba mwenye jina ni mimi?"

Nikaiweka ile picha kwenye benchi, katikati yetu. Sote wawili tulikuwa na deni kwa mtu mmoja, na hakuna aliyemjua jina.

"Tena kuna jambo lingine," akasema taratibu. "Kila anayetoka kwetu ananipa habari za dada, ingawa mimi salamu sirudishi, naogopa kujulikana. Wananiambia, dada yako hajambo, anaishi na mdogo wake."

"Sasa?"

"Sisi tulizaliwa wawili. Mdogo wake ni mimi."

Nikaitazama tena ile picha ya pili.

Nikachukua likizo ya siku nne. Begini nikaweka nakala za picha na barua niliyoiandika mwenyewe kwa makao makuu: *Mimi, karani wa masjala, nilisaini bila kuhakiki.* Nilijua barua ile ikifika, kazi sina. Nilipanga kwanza nimwone yule mwanamke, nimpigie magoti, kisha niipeleke.

Mpaka nilivuka mchana kweupe, na hati zangu zote. Ofisa aliniuliza naenda kumtembelea nani. Nikasema mama mdogo. Uongo wa kwanza.

Nyumba haikunisumbua kuipata, anwani ilikuwa kwenye faili. Nyumba ya matofali nyuma ya shule, mlango wa bluu. Nikabisha hodi.

Akafungua yeye.

Amezeeka, amekonda kidogo, lakini ni yule yule wa picha ya pili. Nilipomsalimu kwa lafudhi ya kwetu, rangi ikamtoka usoni. Akaangalia nyuma yangu, huku na huku.

"Umetumwa na mume wangu?"

"Hapana mama. Natoka uhamiaji."

Mabega yakamshuka. Naapa, ndiyo mara ya kwanza katika kazi yangu mtu kusikia neno uhamiaji akapumua.

Sauti ikatoka ndani: "Nani huyo? Mlete ndani, usiongee na watu mlangoni."

Alikuwa dada mkubwa, amelala kwenye kochi la sebuleni, mito mitatu mgongoni. Mwili umechoka, macho hayajachoka hata kidogo.

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Njia nzima ndani ya basi nilikuwa naifanyia mazoezi. Nikapiga magoti kwenye zulia mbele ya yule wa picha ya pili, nikaanza, "Mama, mimi ndiye niliyesaini karatasi yako. Nilitakiwa kulinganisha picha. Sikulinganisha. Nimekuharibia maisha na nimekuja..."

"Kumbe ni wewe," akanikatiza.

"Ni mimi."

"Kaa kwenye kiti. Miaka yote nataka kukushukuru."

Hotuba yangu ikafia hapo.

Akanyoosha mkono wa kulia. Kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko ngozi imejikunja, imeng'aa. Kovu la moto.

"Pasi," akasema. "Alidai shati halikunyooka."

Akasimulia bila kulia, kama anasimulia habari za jirani. Mumewe alikuwa na tabia ya kutembea na kitambulisho cha mkewe mfukoni, asije akaenda popote. Siku ile alitoroka na gauni moja, akakimbilia kwa fundi apunguze, angalau lisitambulike. Nauli hana. Pa kwenda hana. Kila akisikia pikipiki inapita, anadhani ni mumewe.

"Askari wakaingia. Mmoja akasoma jina kwenye karatasi, akauliza ni nani. Nikatazama nje, nikaona gari limewashwa. Linakwenda mbali. Ndani kuna watu wenye bunduki ambao mume wangu hawezi kuwasogelea. Nikasema, ni mimi."

"Ulisema mwenyewe?"

"Nikapanda wa kwanza."

Usiku mzima wa jana yake nilimwona kichwani mwangu akiburuzwa na kulia, na yeye ndiye aliyewahi kiti cha dirishani.

Nikamgeukia dada mkubwa. "Na wewe mama? Ulipoitwa mpakani kumpokea, hukuona?"

"Mimi si kipofu," akanijibu. "Nilimwona kuanzia anashuka kwenye basi. Si mdogo wangu, si binamu yangu, si mtu yeyote. Ofisa akaniuliza, ndiye huyu? Nikatazama ule mkono, kitambaa kinanuka dawa. Nikasema ndiye, nisaini wapi?"

"Kwa nini?"

"Nilidhani ananiletea habari za mdogo wangu. Kumbe hakuwa nazo. Lakini tulishafika nyumbani, ameshaoga, ameshalala. Ningemwamsha nimwambie aende wapi?"

Basi wakaishi. Miaka kumi na tisa. Mtaa mzima unajua ni ndugu, mpaka watu wanasema wanafanana mwendo.

Nikawaeleza kuhusu Mama Cherehani. Dada mkubwa aliposikia mdogo wake yu hai, kila siku anashinda kwenye benchi akiomba kufukuzwa, akafunika uso kwa viganja viwili. Mito ikawa inatikisika. Yule mwingine akakaa chini karibu naye, akamshika miguu.

Alipotulia nikatoa ile barua yangu.

"Nikiipeleka hii, makosa yatasahihishwa. Tume itaundwa. Jina litarudi kwa mwenyewe."

Yule mwenye kovu akaisoma yote. Akaikunja vizuri akanirudishia.

"Ukishasahihisha kitabu chako," akaniuliza, "mimi nakuwa nani?"

Nikapiga hesabu kichwani.

Angekuwa mtu asiye na hati katika nchi ya watu. Angekamatwa, angerejeshwa kwao. Kwa nani? Kwa mtu wa pasi.

"Bado yu hai?" nikauliza.

"Sijui. Sijawahi kuulizia. Ukiulizia unaacha nyayo."

Hapo ndipo kichwa kilipopata moto. Nikisema kweli, huyu anaangamia. Nikinyamaza, yule anafia kwenye benchi. Jina moja, wanawake wawili, na mimi ndiye niliyelifunga fundo.

Aliyelifungua ni mgonjwa wa kwenye kochi.

"Mama yetu alizaa wangapi?" akauliza, kama anajiuliza mwenyewe. "Waliokuwa wanajua wote wameshakwenda. Mimi ndiye mkubwa, mimi ndiye ninayekumbuka. Nakumbuka tulikuwa watatu."

Wakatazamana.

"Watatu," akaitikia yule mwingine.

Sitakueleza kila hatua. Kwa kifupi, ubalozi wao ukiletewa mtu asiye na kumbukumbu yoyote, unamkubali iwapo ndugu wawili wa damu watakula kiapo kwamba ni wao. Ndugu wawili walikula kiapo. Mmoja alibebwa kwenye kiti kuingia ofisi ya viapo ya huko kwao. Mwingine alikuwa na kitambulisho safi, halali, chenye jina la yule yule anayeombewa.

Kwetu sisi nikafungua faili jipya. Mama Cherehani aliambiwa achague jina, maana la kwake lilikuwa na mtu. Akachagua la mama yao mzazi.

"Hilo hakuna atakayenidai," akasema.

Bosi akaletewa faili asaini. Akalitazama. Akamtazama yule mama kupitia kioo, amemwona wiki sita mfululizo kwa jina lingine. Akanitazama mimi.

"Huyu ni mpya?"

"Mpya kabisa, bosi."

"Sijakuuliza kitu," akasema, akasaini.

Siku ya safari nilijaza fomu mwenyewe. Kuna swali linauliza: *Je, mhusika aliwahi kurejeshwa kwao kabla ya leo?*

Nikaandika: Hapana.

Ni uongo kwa mujibu wa kompyuta. Lakini mimi na wewe tunajua ndilo neno la kweli pekee lililowahi kuandikwa juu ya mama yule katika ofisi yetu.

Kisha nikashika picha yake, nikamtazama yeye, nikatazama picha, nikamtazama tena. Mwanya. Kidevu. Alama ndogo chini ya sikio.

"Mwanangu," akaniambia, "utaniota."

Akapanda gari la serikali. Askari akambebea begi. Maji alipewa, chupa mbili.

Dada mkubwa bado yuko hai. Daktari alimpa miezi, yeye anaonekana hana haraka. Wananipigia simu mara kwa mara, wote watatu kwa pamoja, kila mmoja ananishtakia mwenzake. Mdogo aliyekuja kwa basi la kwanza anasema mdogo aliyekuja na gari la pili amejaza sebule vitambaa. Huyu wa pili anasema huyo wa kwanza amezoea kudekezwa. Mkubwa anasema wote wawili wanampigia kelele.

Juzi nilisikiliza nusu saa nzima, nikakata simu nikiwa nacheka peke yangu ofisini.

Ile barua sikuipeleka. Niliichana mpakani wakati narudi. Ukiona mimi ni mtu mbaya, una haki. Nimelala na swali hilo mwaka mzima na sijapata jibu.

Nilichopata ni hiki, na nakuachia bure. Kama kazi yako ni kusaini kwamba umemwona mtu, inua macho umwone. Dakika moja tu. Honi ya basi itakoma, bosi atanyamaza, lakini saini yako inabaki na inaendelea kufanya kazi wakati wewe umelala.

Usije ukasema mbona mwishowe mambo yalikuwa mazuri. Mimi nilibahatika. Nilikosea kwa mtu aliyekuwa anatafuta mlango.

Siku ile ya mabasi nilisaini mafaili mia mbili na kumi na mawili.

Sasa hivi, kila mchana wenzangu wakienda kula, nashuka masjala nikiwa na tochi. Nalinganisha picha, moja moja, polepole, kama nilivyotakiwa.

Nimemaliza sitini na moja.

Wanne picha zao mbili hazifanani. Na katika picha ya kupakiwa kwenye basi, mmoja wao analia.